Jino Likinyamaza, Je, Limepona?

Yapata mwaka 249, mjini Aleksandria katika Misri, wapagani walimkamata Apolonia, bikira mzee, wakampiga taya hata meno yake yakang'oka. Alikubali kufa motoni kuliko kumkana Kristo. Ndiyo maana tangu kale Wakristo wenye maumivu ya meno humwomba mtakatifu huyo, ambaye siku yake ni 9 Februari. Sala yafaa sana. Lakini Mungu ametupa akili na matabibu pia. Basi leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu wa Bunia na Ituri nzima habari za ugonjwa wa taya ambao wengi huudharau kwa kuwa hauumi.

Kifuko ndani ya mfupa

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kuigeuza kuwa asidi itobolayo jino. Tundu likifika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu, mgonjwa hukesha usiku. Baada ya muda maumivu hukoma, naye hufurahi akisema, "Nimepona." La, hakupona! Mshipa umekufa, na vijidudu vimefika kwenye ncha ya mzizi. Hapo, ndani ya mfupa, huweza kufanyika kifuko cha maji ambacho madaktari hukiita kisti. Hukua polepole, miezi na miaka, kikiula mfupa unaokizunguka. Meno ya jirani huegama, taya hutuna, na vijidudu vikiingia, kifuko hugeuka jipu.

Kisti cha namna nyingine hufunika kichwa cha jino lisilootea bado. Kwa hiyo mtoto ambaye jino lake la ukubwani limechelewa mno yafaa atazamwe.

Kuchanja kwa wembe au kukanda kwa maji ya moto hakuondoi kisti. Daktari hupiga picha ya mionzi, husafisha mzizi au hung'oa jino, na kisti kikiwa kikubwa hukitoa chote. Jino likitolewa na kifuko kikaachwa, chaweza kuendelea kukua.

Uvimbe wa haraka

Tena, si kila uvimbe wa taya ni kisti. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa na madaktari wawili kilomita 16,000 hivi, akiuliza habari zake hospitali kwa hospitali. Mmoja wao, Ted Williams, alikuwa daktari wa Kuluva karibu na Arua, jirani kabisa na Aru yetu. Waliona kwamba hupatikana hasa katika nchi za joto na mvua, zenye malaria. Ni saratani ya watoto. Uvimbe hukua kwa siku na majuma, na meno hulegea. Mtoto akifikishwa hospitali mapema, dawa zaweza kumponya, akicheleweshwa, atakufa. Wazazi, msingoje!

Fizi za watoto wachanga

Vipele vyeupe katika fizi za mtoto mchanga huisha vyenyewe. Uvimbe wa buluu juu ya jino linaloota nao kwa kawaida hupasuka wenyewe. Huko Uganda na Tanzania wako wanaochimba fizi za watoto wenye homa au kuhara, wakidai kuondoa "meno ya plastiki". Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa vidonda vilivyooza, huku homa yenyewe haikutibiwa. Mtu asiruhusu jambo hilo nyumbani mwake.

Tufanye nini?

Tusafishe meno asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Asiye na fedha atumie msuaki wa mti uliotafunwa vizuri. Pipi, soda na muwa visitafunwe kutwa nzima. Usiku, baada ya kusafisha meno, yatosha maji. Aspirini isiwekwe juu ya ufizi, kwani huunguza.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Jino bovu lililonyamaza lisihesabiwe kuwa zima mpaka daktari alitazame. Anayejua haya amwambie na jirani yake, kwani kumwokoa mtoto wa mwenzako ni tendo la huruma.