Ndundu ni Mtu: Haki Zake na Kazi Yetu

Katika parokia nyingi za Kongo mna watu ambao wengine wanawaita ndundu. Ngozi yao ni nyeupe, nywele zao za manjano, macho yao yanaumizwa na jua. Wako wanaowacheka, wako wanaowaogopa, na wako hata wanaowawinda. Basi sisi tunaofundisha watu yatupasa kulijua jambo hili vizuri, tupate kuwatetea wandugu hawa.

1. Ualbino ni nini?

Katika ngozi, nywele na macho ya mtu mna rangi inayoitwa melanini. Kazi yake ni kukinga mwili na ukali wa jua. Mwenye ualbino amezaliwa na rangi hiyo kidogo sana, ao hana kabisa. Sababu ni urithi: baba na mama, wote wawili, wanachukua mbegu yake ndani yao, hata kama wao wenyewe ni weusi. Watu kama hao wakioana, kwa kila mimba inawezekana mara moja katika nne mtoto azaliwe na ualbino.

Katekista ashike sana neno hili. Baba anayemfukuza mke wake akisema: «Umezaa na mzungu», ao: «Ni laana ya ukoo wako», anamsingizia bure. Mbegu imetoka pande zote mbili. Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda zambi, yeye ao wazazi wake. Bwana alijibu kwamba si yeye wala wao.

2. Uongo unaoua

Wafumu wengine wanadanganya watu kwamba viungo vya ndundu vinaleta mali, samaki ao zahabu. Kwa ajili ya uongo huo, katika Tanzania, zaidi tangu miaka 2006 na 2007, wengi waliuawa ao walikatwa mikono na miguu; hata makaburi yalifukuliwa. Ubaya huo ulivuka mpaka: mwaka 2009 tribinali ya Ruyigi, katika Burundi, iliwahukumu watu kwa mauaji ya namna hiyo.

Wengine wanasema ndundu hafi, anapotea tu. Kumbe anakufa kama sisi, na mara nyingi mapema, kwa kansere ya ngozi, ugonjwa ambao kivuli, kofia na nguo ndefu vingeweza kumkinga nao.

3. Sheria zasema nini?

Tarehe 18 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 13 Juni kuwa siku ya watu wenye ualbino kila mwaka. Mwaka 2015 uliweka mtu wa kuchunguza haki zao: wa kwanza alikuwa Bibi Ikponwosa Ero wa Nigeria, naye mwenyewe ana ualbino. Katika Kongo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwazibu anayemsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Na Konsili ya Vatikano ya Pili, katika Gaudium et Spes (1965), namba 27, inahesabu kuua na kukata viungo kati ya mambo ya aibu kubwa.

4. Sisi tufanye nini?

Kwanza, mtoto akizaliwa hivi, tuwatembelee wazazi mapema, mbele ya wasingiziaji, tuwaeleze habari ya mbegu.

Pili, katika masomo akae mbele, karibu na ubao. Macho yake yanaona mbali kwa shida. Akili yake ni nzima. Anayempiga kama mvivu anamwonea.

Tatu, katika prosesyo na katika kazi za misioni, tusimwache juani.

Ine, tukisikia shauri la kumwuza ao kumwua mtu, tusinyamaze kwa kuogopa jamaa ao chefu. Tupeleke habari upesi kwa polisi na kwa waamuzi, na kumficha anayewindwa. Kesho tutakuwa tumechelewa.