Chora nyumba iliyoungua, msomaji

Hebu msomaji tulia kidogo. Umepewa turubai tupu, brashi tatu na rangi za mafuta, kisha ukaambiwa: chora ndani ya nyumba iliyoteketea. Je, utaanzia wapi?

Wengi wetu tungekimbilia ndimi za moto. La hasha! Moto huzimika. Kinachobaki ni chumba, nacho ndicho kinachoeleza aliyekuwa akiishi humo. (Mimi mwenyewe sijui kuchora hata kuku, ila kutazama najua.)

Chukua Garissa. Mnamo Novemba 1980, baada ya watu wenye silaha kuwaua maafisa wa serikali mjini humo, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi. Wakazi walikusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013, lakini ni nani kati yetu aliye na ripoti hiyo sebuleni? Picha hutundikwa ukutani, na mtoto akipita huuliza.

Basi rudi kwenye turubai. Ukiamua kuchora nyumba ya jadi ya Kisomali, kumbuka kwamba akina mama ndio huijenga: fito zilizopindwa na mikeka waliyoisuka kwa mikono yao. Moto ukishika hapo, hukuachii ukuta wa kuchora. Utabaki na vyombo. Kuna dabqaad, yaani chetezo cha kufukizia uunsi ili nyumba inukie. Kuna vyombo vya maziwa, ambavyo mama huvifukiza kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Waona mambo hayo? Katika nyumba hiyo moshi ulikuwa mwenzao wa kila siku, kabla haujageuka kuwa adui. Hapo ndipo kazi ilipo ngumu: moshi wa mama na moshi wa maafa, vyote katika chumba kimoja.

Usinunue nyeusi moja tu. Nyeusi ya masizi huelekea ubuluu na hukawia kukauka, kwa hivyo uwe na subira. Nyeusi ya mifupa iliyochomwa huelekea hudhurungi. Hata baadhi ya rangi za udongo huchomwa kwanza ndipo zisagwe na kuchanganywa na mafuta. Kwa ufupi, utakuwa ukiuchora moto kwa vitu vilivyopita motoni.

Aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule sasa amepita hamsini. Kabla hujafungua rangi, mtafute mmoja wao, umwamkue kwa heshima, kisha umuulize mlango ulielekea wapi na kitanda kilikaa upande gani. Akikuambia palikuwa na redio pembeni, ichore redio.