Ukiitafuta Kasongo, Andika Zaire

Mwanafunzi wa afya anayeandika kazi yake ya mwisho kuhusu surua huko Kasongo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (RDC), hufungua Google Scholar na kuandika kwa Kifaransa: rougeole Kasongo RDC. Asipoona la maana, huandika kwamba mada hiyo haijawahi kuchunguzwa. Hilo ni kosa kubwa, maana mojawapo ya tafiti zilizozua mjadala mkali kuhusu chanjo ya surua Afrika ilifanyika Kasongo hapo hapo. Ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1981, kwa Kiingereza, na kichwa chake kinaitaja nchi kwa jina la Zaire.

Jina hilo lilidumu kuanzia 1971 hadi 1997. Kabla ya 1960 ilikuwa Congo Belge. Kwa hiyo ipe injini ya utafutaji majina yote, kwa lugha zote mbili: Kasongo AND (Zaire OR Congo) AND (measles OR rougeole). OR huongeza, AND huchuja. Ziandikwe kwa herufi kubwa.

Tabu nyingine ni kwamba Kasongo ni jina la watu wengi, na iko pia Kasongo-Lunda, mbali kabisa huko Kwango. Katika PubMed, ambayo ni bure, andika Kasongo[ti], nayo itatafuta katika vichwa vya makala tu. Waandishi wa utafiti ule wenyewe hawakutumia majina yao. Walisaini kwa pamoja Kasongo Project Team, mradi uliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp.

Ukishaipata makala hiyo, usiishie hapo. Timu ile ilifuatilia watoto wa miezi 7 hadi 35, ikahofia kwamba baadhi ya waliookolewa na chanjo wangekufa baadaye kwa maradhi mengine. Bonyeza orodha ya makala zilizoinukuu, uone waliojibu. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake, katika BMJ, walikusanya tafiti za nchi kadhaa wakaona chanjo hupunguza vifo zaidi kuliko inavyotarajiwa kwa kuzuia surua peke yake. Anayesoma ya 1981 tu amesikia upande mmoja wa mabishano.

Ukurasa ukidai malipo, mwulize mkutubi kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Taasisi za Congo husajiliwa bila malipo, na nywila hupewa chuo au hospitali, si mtu mmoja mmoja.