Kabla ya kuwasha gari, fungua boneti

Niliacha gari wiki mbili Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kando ya shamba la mahindi. Kurudi, haliwaki. Kufungua boneti, nakuta kiota cha panya na waya zimetafunwa. Alhamdulillahi halikuwaka: nyasi kavu karibu na ekzosi ya moto hushika moto njiani.

Meno ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna hata kisicholiwa.

Ndugu msomaji, usitege sumu. Atafia ndani ya matundu ya hewa, ubaki na uvundo. Egesha mbali na nyasi na ghala, wala usiache makombo. Kiota usikifagie kikavu, kwani mkojo wa panya huleta maradhi. Vaa glavu, kirowanishe kwa maji yenye jiki, ndipo ukitoe.