Kilichopungua ni Muda, si Majokofu

Chanjo za kwanza za Uviko-19 zilipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2020, gumzo kubwa lilikuwa baridi. Ya Pfizer ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi kati ya 60 na 90 chini ya sifuri, na wengi wakakata tamaa mapema: nchi ambayo zahanati zake hazina umeme wa uhakika itaiwezaje? Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini ilitufanya tusilione tatizo kubwa zaidi. Ukifuatilia chanjo zilizochomwa moto au kufukiwa barani Afrika, utakuta kwamba matukio yaliyovuma zaidi hayakutokana na joto. Zile chanjo zilikuwa salama majokofuni. Ni tarehe ya mwisho ya matumizi iliyozikuta bado hazijamfikia mtu.

Kuhusu baridi, Kongo ilikwisha kutoa jibu. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, chanjo iliyokuwapo nayo ilidai nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ilifikishwa Beni, Butembo na Mangina, kwenye barabara mbovu na katikati ya vita, ndani ya vyombo viitwavyo Arktek. Ni pipa dogo lenye kuta nene. Hupangwa ndani yake vifuko vya kimiminika vilivyogandishwa sana, nalo hushika baridi hiyo siku kadhaa bila umeme wowote. Hadi mlipuko ule unatangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa. Kuna atakayesema kwamba laki tatu si kitu mbele ya mamilioni, na kwamba kule walichanjwa hasa waliomkaribia mgonjwa na waliowakaribia hao, si taifa zima. Ni kweli, tena kazi ile iligharimu fedha nyingi. Lakini chanjo iliyotawala shehena za mwanzo za Afrika mwaka 2021 ilikuwa AstraZeneca, ambayo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji zile zile zinazotunza chanjo ya surua ya watoto wetu. Kama baridi ndiyo ingekuwa kikwazo kikuu, chanjo hii isingeharibika kwa wingi.

Iliharibika. Malawi ilipokea dozi 102,000 kupitia Umoja wa Afrika tarehe 26 Machi 2021, na muda wake ulikuwa unaisha tarehe 13 Aprili. Siku 18 za kuondoa mzigo Lilongwe, kuugawa wilayani, kuwaarifu watu na kuwachanja! Mwezi Mei dozi 19,610 zilichomwa moto. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 mwanzoni mwa Machi, ikasitisha uzinduzi baada ya taarifa za kuganda kwa damu kutoka Ulaya, ikaanza kuchanja Aprili 19, kisha ikalazimika kuachia takriban milioni 1.3 ziende nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Desemba mwaka huo huo, Nigeria iliteketeza zaidi ya dozi milioni moja mjini Abuja.

Hapa watu hunyoosha kidole kwa wananchi: waliogopa, hawakujitokeza. Uoga ulikuwapo, sikatai, na huko Malawi taarifa hizo za Ulaya ziliuongeza. Ila kumtoa mtu hofu nako kunataka muda. Fikiria kichupa kimoja cha AstraZeneca: kina dozi 10, na kikishafunguliwa kinatakiwa kitumike ndani ya saa sita. Muuguzi wa kijijini mwenye watu watatu kwenye benchi ana mawili ya kuchagua, afungue na kumwaga dozi saba, au awaambie warudi siku watakapofika kumi. Akiwa na miezi miwili mbele yake, atapanga siku ya chanjo, atazungumza na viongozi wa dini na wenyeviti wa vijiji, na kumi watapatikana. Akiwa na wiki mbili, hana la kupanga.

Watoaji misaada nao walikuwa na hoja yao: heri kutoa kilichopo kuliko kukiacha kiharibike kwao. Lakini msaada uliokaribia kuisha muda humhamishia mpokeaji gharama ya kuuteketeza, pamoja na lawama za uzembe. Novemba 2021 Umoja wa Afrika, Shirika la Afya Duniani na washirika wao walitaka dozi za msaada zifike zikiwa na angalau wiki 10 za matumizi, na nchi iarifiwe wiki nne kabla. Desemba pekee, nchi maskini zilikataa zaidi ya dozi milioni 100, sababu kubwa ikiwa muda mfupi uliobaki.

Kwamba wiki hizo si anasa, mpox ilithibitisha. Chanjo za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, katika nchi yenye wachanjaji waliokomaa kwa Ebola, na bado sindano ya kwanza ilichomwa Goma Oktoba 5. Mwezi mzima ulikwenda kwenye mafunzo, usafirishaji na kuzungumza na jamii. Kwa hiyo mikataba ya chanjo za mlipuko ujao inapoandikwa, idadi ya wiki zilizobaki iandikwe humo sambamba na idadi ya dozi, na serikali zetu ziwe na haki ya kukataa shehena isiyotimiza sharti hilo bila kuitwa zisizo na shukrani.