Kasiksi ikikwama kwenye robine: dawa iko mwanzoni

Ni siku ya soko. Wanywaji wamekwisha kukaa, na mama mwenye kuuza kasiksi anafungua robine ya bidoni yake ya lita 20. Vere ya kwanza inajaa vizuri. Ya pili inajaa polepole. Ya tatu ni matone tu. Anatikisa bidoni, hapana. Anaingiza kijiti, hapana. Mwisho anaweka kinywa kwenye robine na kupuliza kwa nguvu. Pombe inatoka, lakini imekuwa nzito, imechanganyika na machicha yote ya chini, na wateja wanaanza kuangaliana.

Kwa familia nyingi za Kabare, Walungu, Idjwi na kwingineko Kivu, pombe ya ndizi ndiyo inasaidia kulipa minerval ya watoto, chumvi na sabuni. Na kasiksi haingoji: ikipita siku chache, inakuwa chachu kama siki. Bidoni ikiziba siku ya soko, ni feza inapotea. Tena kuna hasara ingine yenye haionekani palepale: kinywa, kijiti na mikono vinaweza kuingiza magonjwa ndani ya pombe ya watu wengi.

Ni nini inaziba?

Kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni nyuzi: vipande vya majani yaliyotumiwa kukamua ndizi, pamoja na nyama ya ndizi yenyewe. Nyuzi moja ikishika kwenye robine, zingine zinakuja kukaa juu yake, na kwa muda mfupi kunakuwa kizibo.

Cha pili ni unga wa mtama uliokaangwa. Huo unga unaipa kasiksi rangi na ladha, na unasaidia pombe kuchemka. Lakini ukiwa laini sana unashuka chini na kuwa kama uji.

Cha tatu ni gesi. Pombe ikiwa bado inachemka, mapovu yanapanda na kubeba machicha kutoka chini. Ndiyo maana pombe iliyotulia asubuhi inaweza kuchafuka tena mchana, kama bidoni imebebwa juu ya moto au kwenye jua kali.

Chuja kabla, usingoje mwisho

Watu wengi wanafikiria kuchuja wakati wa kuuza. Hapo umechelewa. Inaomba kuchuja maji matamu ya ndizi, yale wengi wanaita mutobe, mbele ya kuweka mtama. Chuja mara mbili: kwanza kwa chujio yenye matundu makubwa, inakamata majani, kisha kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kinachofanya kazi hiyo tu. Ukianza na kitambaa moja kwa moja, chenyewe kitaziba.

Mtama nao usiusage mpaka uwe vumbi. Unga wenye punje-punje unashuka haraka na haupandi kirahisi. Njia ingine ni kuutia ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, uliofungwa bila kukaza, na kuuzamisha ndani ya maji ya ndizi. Pombe ikiiva unatoa mfuko mzima, na machicha mengi yanatoka nao.

Lakini kitambaa si kila kitambaa. Chandarua ya mbu yenye dawa haiwezi kuwa chujio, juu dawa hiyo ni ya kuua wadudu, haikutengenezwa kwa kuingia ndani ya tumbo. Vilevile bidoni au mpira uliopitisha mafuta ya gari kwa kadhafi usiguse pombe hata siku moja. Hata ukiosha mara kumi, harufu inabaki, na mafuta pia.

Kuhamisha bila kuchafua

Pombe ikimaliza kuiva, iache itulie usiku kucha pahali pa baridi. Kama itauzwa nyumbani, weka bidoni palepale itakapofunguliwa, ili kesho asubuhi isibebwe tena. Tia kipande cha ubao chini ya upande wa robine. Bidoni itainama kidogo kwa nyuma, na machicha yatakusanyika mbali na pahali pombe inatokea.

Mwenye kutumia mpira aufunge kwenye kijiti kisafi, kwa namna ncha yake inabaki vidole vinne juu ya chini ya chombo. Mpira ukigusa chini, unakunywa machicha kwanza. Mpira mpana ni mzuri kuliko ule mwembamba, na usiwe na mikunjo, juu kwenye mikunjo ndipo uchafu unakaa.

Na kuvuta kwa kinywa? Acha. Jaza mpira maji yaliyochemshwa na kupoa, ziba ncha zote mbili kwa vidole vilivyooshwa na sabuni, zamisha ncha moja ndani ya pombe, shusha ingine chini kuliko chombo, kisha achilia. Maji yatatoka kwanza, yapokee kwenye kopo ingine, na pombe itafuata yenyewe. Ikisimama katikati ya njia, angalia mpira kama haukupanda juu sana: gesi inakusanyika pale kwenye kilima na kukata mwendo. Ukishusha hicho kilima, mara nyingi inaendelea.

Robine, kifuniko na mrija

Mwenye kutoboa bidoni mpya aweke robine vidole viwili ao vitatu juu ya chini. Ni kweli, pombe kidogo itabaki. Lakini lita moja ya machicha iliyobaki ni afadhali kuliko lita kumi zilizochafuka, na hayo machicha yanaweza kwenda shambani kama mbolea.

Mbele ya kusema robine imeziba, legeza kifuniko. Kama hewa haiingii kwa juu, pombe haiwezi kutoka kwa chini. Na pombe inayochemka isifungwe kabisa: gesi inajaa, bidoni inavimba na inaweza kupasuka. Ukikuta imevimba, fungua polepole, uso ukiwa mbali.

Robine ikiziba kweli, usipulize na usichokonoe kwa waya. Ifunge, mwaga pombe polepole kwa mdomo wa juu ndani ya chombo kingine kisafi, ukipitisha kwenye kitambaa. Kisha toa robine na uioshe kwa maji ya moto, ukiyapitisha kutoka upande wa nje kwenda ndani. Vile uchafu unarudi njia yenye ulikujia.

Pale watu wanakunywa kwa mrija, kila mtu awe na wake. Mrija ukiziba, mwenyewe autoe na kuuosha, asipulizie ndani ya chungu. Mtu anayepuliza anarudisha mate yake ndani ya pombe ya wote. Na kwenye majimbo yetu, pahali kipindupindu kinarudi mara na mara, maji ya kuongeza ndani ya mutobe na ya kuosha vere ni lazima yawe yamechemshwa ao kutiwa dawa.

Osha siku ileile

Kizibo cha soko lijalo mara nyingi kinaanza jioni ya soko hili. Unga na sukari ya ndizi vikikauka ndani ya mpira, vinashika kama gundi. Pombe ikiisha tu, pitisha maji, kisha maji ya moto na sabuni, kisha maji safi mengi, na utundike mpira ncha zote mbili zikiangalia chini. Mpira uliobadilika rangi ndani ao wenye harufu ya uchachu hauponi tena, inaomba kuubadilisha.

Kazi hii yote inaomba saa moja zaidi siku ya kupika na dakika chache jioni ya soko. Siku ya kuuza, mama atafungua robine tu, na hakuna mteja atamuona akipuliza.