Kukojoa Damu: Si Kila Mara Kichocho

Mtu akikojoa damu katika sehemu za Malindi na Kilifi, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni kichocho. Hawakosei sana. Konokono wanaoeneza vimelea vyake huishi katika mabwawa na vijito vya maji baridi, na watoto huogelea humo. Wako hata wanaodhani kwamba ni dalili ya mvulana kubaleghe!

Lakini, msomaji, ukifikishwa hospitalini usiku ukikojoa damu, daktari hataanza na kichocho. Atapima mapigo ya moyo na presha, kisha atakuuliza kama mkojo unatoka. Damu ikiganda ndani ya kibofu huziba njia, na tumbo la chini likavimba na kuuma mno. Hapo hutiwa mpira mnene na kibofu kusafishwa hadi mabonge yatoke.

Mgema aliyeanguka kutoka mnazini ana mambo mengine. Huenda figo limepasuka, na wingi wa damu katika mkojo hauonyeshi ukubwa wa jeraha. Ikiwa amevunjika mifupa ya nyonga na tone la damu linaonekana kwenye tundu la mkojo, asitiwe mpira kabla ya njia hiyo kupigwa picha. Ikiwa imechanika, mpira waweza kuikata kabisa.

Utaulizwa pia damu huonekana lini. Ikitoka mwishoni mwa mkojo, aghalabu chanzo ni kibofu, na hapa ndipo kichocho hushukiwa. Maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka hadi kinenani huashiria mawe ya figo. Mtoto mwenye homa na mkojo mweusi kama kola apelekwe mara moja, kwani malaria kali huweza kuvunja chembe za damu mwilini. Mwenye selimundu naye aseme, maana ugonjwa huo huweza kudhuru figo na kutoa damu. Anayetumia dawa za kifua kikuu asifiche: rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu bila damu yoyote.

Kijiti cha kuchovya katika mkojo hakitoshi. Hadubini ndiyo huonyesha chembe za damu na mayai ya kichocho. Mayai hayo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hivyo mkojo wa usiku usipoonyesha kitu, peleka mwingine mchana.

Mayai yakionekana, utapewa prazikwanteli kulingana na uzito wako. Hata hivyo, mtu wa makamo anayekojoa damu bila maumivu asiridhike na vidonge pekee. Kichocho cha miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu, na mtu aweza kuwa na vyote viwili. Damu ikiendelea wiki kadhaa baada ya dawa, rudi ukaombe kibofu kichunguzwe kwa kamera.